Jemedari na Neno la Siri

Kazi yangu ni kuwafundisha watu wasiamini. Ofisini kwetu tunapambana na vita visivyo na mizinga: sauti za kughushi, uvumi wa kupikwa, mitambo inayovurugwa na mtu aliyeketi ng'ambo ya mpaka. Nilihubiri hadi nyumbani, mdogo wangu akanibatiza Jemedari. Alinicheka, lakini somo alilishika: ukipigiwa simu ya dharura, uliza kwanza neno la siri.

Asubuhi ile skrini zetu zote ziliwaka nyekundu. Mtu alikuwa amejipenyeza kwenye mitambo ya kusafisha maji na kufungua tangi la gesi ya klorini. Wakati huohuo ujumbe wenye sauti ya waziri ukazagaa kwenye simu: kaeni ndani, fungeni madirisha. Sauti ilikuwa ya kughushi. Gesi hiyo ya sumu, nzito kuliko hewa, ilikuwa inateremkia nyumba za bondeni, na mdogo wangu anakaa huko na wanawe.

Nikampigia.

"Tokeni sasa hivi! Pandeni huko juu, shuleni!"

"Waziri kasema tukae ndani."

"Yule si waziri!"

"Na wewe je? Neno la siri?"

 Ofisi inataka maneno hayo yabadilishwe mara kwa mara, nami kwa kimbelembele changu niliyabadilisha kila nilipojisikia. La mwisho lilikuwa lipi? Nikajaribu "pazia". Nikajaribu "kijiko".

"Umekosa," akasema kwa sauti kavu.

Hapo nikalia. Nililia kwa kwikwi mbele ya wenzangu wote.

"Basi nimewajua," akasema. "Dada yangu halii. Hata baba tulipomzika hakulia." Akakata simu.

Sijawahi kujichukia kama siku ile. Nikapiga, hakupokea. Nikapiga tena na tena, nikizunguka meza kama kichaa. Alipopokea, hofu yangu ilikuwa imeshageuka hasira.

"Sikiliza, mwizi wa vyombo wewe! Bakuli langu la kioo umelikalia tangu uolewe, nikiliulizia unajifanya kiziwi! Chukua watoto utoke, la sivyo nikija huko nitakuzaba vibao mbele ya mumeo!"

 Kisha nikamsikia akipaza sauti, "Vaeni viatu! Ni mama mkubwa!"

Niliwakuta kwenye uwanja wa shule, watoto wamemng'ang'ania sketi, majirani aliowagongea milango wakikohoa pembeni yake. Hakubeba mkoba wala nguo. Alikuwa amekumbatia bakuli la kioo.

"Haya, shika, Jemedari. Usinitukane tena."

Nilitaka kumtania. Badala yake machozi yakanitoka, hata kuyafuta nikashindwa. Mdogo wangu akanitazama, tabasamu likamwisha usoni.

"Kumbe," akasema polepole, "ile mara ya kwanza pia ulikuwa wewe."