Kizuizi cha Kamanda Radi

Gaudence alikuwa na jina zuri tu la ubatizo, ila alilitupa kama ganda la muwa. Kwa miaka mitatu alicheza Kamanda Radi kwenye tamthilia ya runinga huko Dar es Salaam, akikamata majambazi kila Jumatano. Tamthilia ikafa. Akangoja kuitwa kwenye filamu kubwa, simu kimya. Akarudi Songea, akafungua kibanda cha kuuza chaja pale Mfaranyaki, na koti la ngozi la Radi hakulivua hata kwenye jua la utosi. Bodaboda wakimpigia saluti, roho kwatu. Wasipompigia, anapita tena.

Leticia wa Maposeni alimpenda tangu hana koti. Alimwambia wazi: "Gaudence, mimi nataka kuolewa na wewe. Yule wa kwenye tivii mwache hukohuko."

"Nimekuelewa, mama," akajibu. Kuelewa gani! Sikio la kufa halisikii dawa. Kesho yake alimfuata katekista, Mwalimu Egidi, akamwomba aongeze maneno mawili matatu kwenye matangazo ya ndoa.

Jumapili kanisa dogo la kigango cha Maposeni lilijaa. Egidi akasoma: "Gaudence Komba, maarufu kama Kamanda Radi, anataka kufunga ndoa na Leticia Ngonyani. Anayejua kizuizi aseme."

Kwa kawaida hapo watu hukohoa tu, wakangoja sadaka. Safari hii bibi yake Leticia, Theodosia, alisimama na fimbo yake.

"Mwalimu, huyu ana mke! Tulimwona kwa macho yetu kwenye tivii ya jirani yetu Pankrasi. Harusi ya kanisani, padri yupo, pete zipo. Mjukuu wangu haendi ukewenza!"

Vijana walicheka, lakini wazee wengi waliitikia kwa vichwa. Harusi ile waliiona, na wengine waliipigia vigelegele. Egidi, ambaye naye hakukosa Jumatano hata moja, alifunga kitabu. "Kijana, simama. Ni kweli una mke?"

Ilitosha aseme kwamba yale yalikuwa maigizo, na yeye ni Gaudence. Leticia alimgeukia, akimwombea kimoyomoyo. Gaudence akaona nyuso zote zimemwelekea, na utamu wa zamani ukampanda. Aseme ni maigizo, halafu kesho nani ampigie saluti muuza chaja? Akasimamisha kola ya koti, na sauti iliyotoka ilikuwa ile nzito ya Jumatano.

"Nilikuwa naye. Majambazi walimuua. Nami nikalipiza."

"Masikini! Pole sana, Kamanda," kanisa likaitikia.

Bibi Theodosia akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Kumbe mgane! Basi aoe, mwanangu."

Leticia akasimama. Maneno yake yalitoka yamenyooka.

"Mwalimu, kizuizi bado kipo. Mimi nilichumbiwa na Gaudence Komba. Huyu mgane simfahamu. Nampa pole tu, kama ninyi."