Kisu cha Kutulizia Moyo

Majambazi walimlaza mwenye bucha juu ya gogo lake mwenyewe la kukatia nyama, wakamvunja taya kwa kisogo cha shoka, kisha wakaondoka wakiubamiza mlango wa chuma. Taya liliunga. Mlango haukuunga: kila ulipobamizwa, akili yake ilirudi juu ya gogo.

Mshauri wa zahanati alimfundisha namna ya kujirudisha. Ataje anachokiona, anachokinusa, anachokisikia. Kisha akamate kitu ambacho mkono wake unakiamini. Ushauri ulikuwa wa busara. Mshauri hakuuliza ni kitu gani, na mwenye bucha, ambaye mkono wake haukuwahi kuamini chochote zaidi ya kisu cha kuchunia, hakuona haja ya kusema.

Asubuhi moja upepo uliubamiza mlango. Akakamata kisu. Shemeji yake, kaka wa mkewe aliyemsaidia kazi na aliyeyajua mafunzo ya mshauri, akamgusa bega kutoka nyuma ili amtulize.

Kiwiko kilipasua pua ya shemeji. Goti likamwingia tumboni. Kabla ndoo ya utumbo haijamaliza kumwagika, shemeji alikuwa chali juu ya gogo, kisu shingoni, damu imeshaanza kuchuruzika.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo sana, "unaona nini?"

"Nakuona wewe, jambazi."

"Jambazi gani mwenye pua kama hii? Tazama tena."

Kisu kilizama kidogo. Damu ikafika kisogoni.

"Haya, unanusa nini?"

Mwenye bucha alivuta pumzi. "Utumbo. Na marashi yako ya kijinga."

"Ya bei mbaya, bwana. Unasikia nini?"

"Domo."

"Domo la nani humu kutwa nzima?"

Kisu kiliinuka kidogo, kisha kikasita hapo hapo, jambo lisilomfariji hata kidogo aliye chini yake.

"Shemeji?" aliuliza mwenye bucha, kama aliyemkuta mtu mahali asipomtarajia.

"Ndiye. Achia kisu kwanza, salamu baadaye."

Vidole vilifunguka kimoja kimoja, kisu kikaanguka sakafuni. Shemeji alishuka kwenye gogo, akakipiga teke hadi chini ya friji, akajifunga shingo kwa aproni.

"Dada yako tutamwambia nini?"

"Nilijikata nikinyoa."

"Huna ndevu."

"Basi mwambie ukweli, naye akuchinje."

Mwenye bucha aliketi sakafuni, kwenye utumbo. Shemeji akaketi naye, akamshika mikono yote miwili, si kwa upendo mkubwa, bali isije ikakamata kitu kingine. Wakabaki hivyo mpaka mteja alipoingia kuulizia maini.