Krampusi wa Saba

Woga wa kwanza niliowahi kuujua ulikuwa na pembe mbili na ngozi ya mbuzi. Nilikuwa na miaka mitano, nimejibana chini ya benchi la jikoni kwetu, na Krampusi mmoja, lile zimwi linalofuatana na Mtakatifu Nikolasi kutisha watoto, akainama mpaka uso wake wa mti ukawa sawa na wangu. Shavu limepasuka, mdomo umepinda upande, na macho yake, Mungu wangu, yalikuwa na huzuni. Nilijikojolea pale pale. Wiki nzima sikulala bila taa. Lakini tangu jioni ile nilikuwa mtumwa wa mkono uliochonga uso ule, na bonde zima lilijua ni mkono wa nani: Mzee Korbinian, fundi wa vinyago.

Nilipofika umri wa kusema ninachotaka, nilimwendea karakanani nikamwomba anifundishe. Hakuinua hata kichwa. "Kafume soksi, binti," akasema. Nikatoka na hasira zangu nzima nzima, nikanunua patasi, nikajifungia kwenye zizi la ng'ombe la baba. Nilichonga majira ya baridi matatu. Baba alidhani natengeneza vijiko na alikuwa akishangaa kwa nini havifiki mezani.

Nilichonga uso ule ule wa chini ya benchi, kwa kukumbuka tu. Wa nani sikujua, wala sikuwa na wa kumuuliza. Kwetu mtu akishavaa kinyago hasemi neno, na hakuna anayeruhusiwa kutaja nani alikuwa ndani ya kinyago gani, si usiku ule, si baadaye, si hata kwa mke wake. Tunataja majina ya vinyago tu, basi. Watu wameishi na kuzikwa na siri hiyo, na hakuna aliyewahi kuiona ni kitu cha ajabu.

Kila mkesha wa Mtakatifu Nikolasi, kabla kundi la Krampusi halijaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, sherehe huanzia nyumbani kwa Mzee. Majirani wanajaa kwenye mabenchi, kuna soseji, mkate wa mapeasi makavu, na pombe ambayo nusu glasi inatosha kumtoa mtu machozi. Kisha Mzee anasimama, anapita mbele ya Krampusi mmoja mmoja, anakipapasa kinyago na kukiita jina lake. Nilitaka kitu kimoja tu: mkono ule upite juu ya kazi yangu, na mwenye mkono aseme ni kazi. Mwanamke haruhusiwi kwenye kundi. Basi ningeenda bila ruhusa, kwa sababu chini ya ngozi na pembe hakuna mwanamke wala mwanamume.

Nilijificha nyuma ya rundo la kuni la Mzee, nimevaa kila kitu, kengele za kiunoni nimezijaza matambara zisilie. Giza la Desemba lilikuwa limeshaingia japo watu hawajala chakula cha jioni. Kundi lilipopita nikachomoa matambara, nikajiunga mkiani, nikaingia nao.

Ndani kulikuwa na joto la jiko la vigae na harufu ya mbuzi. Kupitia matundu ya macho niliona vipande vipande: mkono wa Kreszenz, mke wa Mzee, ukimimina pombe; ndevu za pamba za Hias, ambaye siku nyingine hupeleka barua lakini jioni hiyo alikuwa Nikolasi mwenyewe, na kofia yake ya uaskofu. Moyo ulinipiga hadi nikaogopa kengele zitalia zenyewe.

Mzee alianza upande wa pili. Macho yake yalikuwa na ukungu miaka hiyo, kwa hiyo aliangalia kwa vidole. "Mla Makaa," akasema. "Hujambo, Mla Makaa. Pembe yako imelegea, mwambie mwenye nayo aje." Watu wakacheka. "Bibi Theluji. Umenenepa, bibi." Wakacheka tena. Akaja kwa wa sita, akamwita jina lake, kisha akanifikia mimi.

Vidole vikagusa paji la uso, vikashuka kwenye shavu, vikaufuata ule ufa mpaka kwenye kona ya mdomo. Vikasimama hapo. Nikajiambia, ameipenda kazi yangu.

"Huyu," akasema, "nilimchoma moto mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Kreszenz aliweka chupa chini taratibu.

"Mzee?" Hias akauliza.

"Huyu nilimchoma. Jikoni humu. Nilikaa nikamtazama mpaka akawa majivu."

Nikamsikia Hias anahesabu kwa sauti ya chini, halafu anahesabu tena. "Tulitoka kanisani na Krampusi sita," akasema. "Nimewahesabu mimi. Hapa wapo saba."

"Yesu, Maria na Yosefu!" akalia mama mmoja kwenye benchi.

"Nilisema mimi! Nilisema tumsubiri padri abariki kwanza! Nani alinisikiliza?" akasema mwingine.

Kila mtoto wa bonde letu anajua hili kabla hajajua kusoma: Krampusi wakizidi mmoja, yule aliyezidi hana mtu ndani. Na mimi niliyekuwa ndani nilishikwa na hofu kuliko wote. Wale sita waligeuka kunitazama, pembe zote upande wangu, na hawakuwa tena vijana niliosoma nao. Mmoja alisogea akaziba mlango. Pumzi yangu ilirudi usoni ikiwa ya moto, na kwa muda, niseme kweli, nikasikiliza kama ni pumzi yangu mwenyewe.

"Vua!" Hias akafoka, fimbo yake ya kiaskofu ameishika kama mpini wa shoka. "Wewe nani? Vua, au nakipasua na kichwa chako!"

Nilitaka kuvua. Mikono iligoma. Kuvua ni kuwaonyesha mwanamke mbele ya kundi na mbele ya Mzee, na hapo ingekuwa mwisho wangu wa kushika patasi katika bonde lile. Kutovua ni kupigwa. Nikabaki nimesimama kama gogo.

"Mwache," akasema Mzee.

Akasogea karibu mpaka nikanusa tumbaku yake. Alipozungumza ilikuwa kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa kitandani.

"Veit, mwanangu."

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Veit alikuwa mwanawe wa pekee. Alitumbukia gengeni mkesha kama huu, nikiwa mtoto, akaokotwa asubuhi. Hilo kila mtu alilijua. Alivaa uso gani, hakuna aliyelitaja, kwa sababu kwetu halitajwi.

"Ulisema una homa," Mzee akaendelea. "Nami nikakwambia kundi halipungui mtu kwa ajili ya mafua. Nikakufunga mikanda mwenyewe. Umekuja kwa hilo, najua. Sema basi. Unanilaumu?"

Nilimwonea huruma, nikajiogopa mwenyewe, na kinyago hakisemi. Nikatikisa kichwa: hapana. Kengele zote zikalia.

Uso wa Mzee ukabadilika, ukakauka.

"Veit hakuwahi kunisamehe hata kikombe kilichovunjika," akasema. "Wewe ni nani?"

Nikafungua mikanda. Kinyago kilipotoka na nywele zangu zikaanguka mabegani, kelele zilizotokea hazikuwa ndogo.

"Mwanamke!"

"Si Burgi huyu, binti wa Alois?"

"Huna adabu wewe! Huna hata haya!" Hias alipiga kelele, ndevu zake zimeteleza mpaka kifuani. "Kumchezea mzee na marehemu wake!"

"Sikujua," nikasema. "Haki ya Mungu sikujua ni cha Veit."

"Nani amekichonga?" Mzee akauliza, kinyago kikiwa mikononi mwake, vidole vikizunguka ndani ambako kwa kawaida hakuna anayetazama.

"Mimi."

"Ulikiona wapi?"

"Nyumbani kwetu, Mzee. Nilikuwa chini ya benchi, akainama kunitazama."

"Mwaka gani?"

"Nilikuwa na miaka mitano," nikasema, na sote tulijua ndio mwaka alioanguka Veit. Nyumba yetu ndiyo ya mwisho kabla ya njia ya genge. Mzee alitafuta kiti kwa mkono, Kreszenz akamsogezea, akaketi. Mama wa watu alikuwa amejiziba mdomo kwa aproni.

"Kwa hiyo wewe ndiye wa mwisho kumwona," Mzee akasema. "Alikuwaje?"

Pembe na fimbo hazikuwa kitu tena. Nilimwogopa mzee yule aliyeketi. Nilijua anachotaka kusikia, na nilijua nilichosikia chini ya benchi, na vitu hivyo viwili havikuwa kimoja. Nilishamdanganya mara moja kwa kichwa changu. Ningeweza kumdanganya mara ya pili, wote wangenishukuru.

"Alinipa kokwa za jozi," nikasema. "Alizisukuma chini ya benchi kwa kidole, nisiogope."

"Alikohoa?"

Kreszenz akanitazama. Nikatazama sakafu.

"Alikohoa, Mzee. Sana. Alishika ukuta ndipo akaweza kusimama."

Kreszenz alitoa sauti moja tu, akageukia jiko. Mzee alitikisa kichwa kukubali, polepole, mara nyingi, kama mtu anayehesabu chenji na kukuta imetimia. Nilisubiri afungue mlango wa jiko akitupe kile kinyago motoni. Nilikuwa tayari, na nisingemlaumu.

Badala yake akasimama. Akanivisha kinyago kwa mikono yake, akavuta mikanda nyuma ya kichwa changu, si kwa kukaza sana.

"Mzee," Hias akasema, "huyu ni mwanamke. Kundi ni la watu sita."

"Ni saba. Nimewagusa wote, hamna hata mmoja ambaye si kazi," Mzee akajibu. "Mtangulie nje."

Wakatoka, kengele zao zikaanza kushuka njiani. Mimi alinishika bega, akaleta mdomo karibu na sikio la mti.

"Ukijisikia homa, rudi," akaniambia. "Hata kama ni katikati ya njia. Atakayekwambia uendelee, usimsikilize."