Mtu wa Kwanza Bado Hajaisha

Mume wangu kazi anaijua, ila mdomo wake hauaminiki. Nasema mbele yake, asikie. Ndiye aliyemshona mtu wa kwanza, na kazi ile ingekwisha mapema kama si maneno yake ya "njoo kesho".

Wakati huo mtaa wetu ulikuwa wa waumbaji watupu. Ng'ambo ya barabara alikaa fundi wa milima, vumbi mchana kutwa. Pale kona, mama mmoja aliyepaka ndege rangi. Sisi tulishona viumbe. Mume wangu alikata ngozi na kuendesha cherehani, mimi nilifanya kazi za mkono: kope, kucha, na fundo la mwisho.

Basi siku moja Kifo akapiga hodi. Msishangae, ni mtu wa adabu sana. Alileta ngozi yake mwenyewe, ameikunja vizuri kwapani.

"Fundi," akasema, "nishonee kiumbe wa kusimama wima, mwenye akili. Mbuzi nimewachoka. Nawachukua, wala hawajui mimi ni nani."

Mume wangu akaipima ngozi, akakubali. "Njoo kesho."

Loh! Hiyo kesho! Kifo akija, mara mkanda wa cherehani umekatika, mara yamebaki masikio tu. Naye hukaa kwenye benchi, hupewa maji, hushukuru, huondoka. Kumbe mtu mwenyewe yuko vipande vipande chini ya meza, mguu mmoja umefunikwa na mabaki ya twiga. Na hayo masikio ndiyo yaliyoshonwa kwanza, yako pale yanasikia kila neno.

Mimi aibu ikanijaa. Nikamwambia mume wangu, "Wee baba, uongo huu utatuharibia jina! Hebu apa sasa hivi kwamba humdanganyi mteja tena." Akaapa. Akakaa kwenye cherehani, hakuinuka mpaka mtu akaungana.

Likabaki fundo langu. Nikalifunga katikati ya tumbo, nikainama kuukata uzi kwa meno. Mtu akacheka.

"Mama, unanitekenya!"

Jamani. Sisi hatukujaliwa mtoto. Nilibaki na uzi mdomoni, machozi yananitoka, naye ananiuliza kama nimejichoma sindano. Nikampakata pale pale, mtu mzima na ndevu zake.

"Hodi!"

Kifo huyo. Nikamkonyeza mume wangu, nikamfinya, nikamkanyaga mguu. Danganya, baba, danganya! Naye, maskini wa watu, akavuta pumzi, akasema kwa mara ya kwanza tangu nimjue:

"Tayari, mzee. Mchukue."

Mkasi ungekuwa karibu, leo mngesimuliwa habari nyingine. Kifo akanyoosha mkono. Mwanangu akamtazama, akajikuna kitovu, akakohoa kidogo vilevile anavyokohoa baba yake.

"Pole sana, mzee. Bado kidogo. Njoo kesho."

Kifo akashusha mkono. Alishazoea. "Kesho hakika?"

"Kesho hakika. Karibu maji."

Akanywa, akashukuru, akaondoka.

Mpaka leo hupita kila asubuhi, na kila asubuhi mwanangu humjibu. Tulimshonea mke, wakazaa, sasa ana mvi na magoti yanamsumbua. Leo hodi imepigwa, nikangoja sauti yake. Hodi ya pili. Nikachungulia chumbani: amekaa kitandani, kiatu kimoja mkononi, anautazama mlango. Alionekana amechoka kujibu.

Mimi, yule yule niliyemwapisha mume wangu, nikatupa sindano nikapaza sauti mpaka fundi wa milima akaangusha nyundo:

"Njoo kesho, mzee! Bado hajaisha!"