Matumbawe ya Milembe

Kila asubuhi kabla ya chai, Milembe alifuta kioo cha tangi lake la maji ya chumvi, akasoma kipimajoto, kisha akayakagua matumbawe moja moja. Leo kitambaa kilimganda mkononi. Tumbawe la zambarau lilikuwa limebambuka nyama yote, limebaki mfupa mweupe. Kati ya vipande vitano alivyovipakata kwenye basi kutoka Tanga alipomaliza chuo cha uvuvi, sasa vilibaki viwili.

"Mwangaluka, mayu. Mawe yako yameamkaje?" alimsalimu kwa Kisukuma baba yake, mzee Mahona, aliyekuja kutoka Nkoma mwezi huo kuhudhuria kliniki Bariadi mjini.

"Si mawe, baba. Ni wanyama."

"Mnyama asiye na kwato!" Mzee akacheka.

Milembe hakucheka. Alikwishapima kila kitu: joto sawa, taa sawa, chumvi imezidi kidogo tu. Mwalimu wake wa chuo, Klementina, alimwambia kwa simu abadilishe maji. Akabadilisha mara tatu, na bado matumbawe yakazidi kufifia. Alitamani kulimwaga tangi lote uani.

Ndipo akaona konokono wawili wa humo tangini chali, wamekufa. Samaki walikuwa wazima, wanakimbizana. Kitu gani kinaua konokono na matumbawe, kikawaacha samaki? Shaba, kama walivyofundishwa chuoni! Akatoa kipimo cha shaba, cha mwisho alichobakiwa nacho, akadondosha dawa kwenye maji. Yakabadilika rangi palepale.

Lakini shaba itoke wapi? Tangi ni kioo, mabomba ni plastiki.

"Baba, kuna kitu umetia humu?"

"Ile chumvi ya madini ya ng'ombe," alisema mzee kwa fahari. "Si maji ya chumvi haya? Ng'ombe akikonda namlambisha hiyo, wiki mbili tu ananawiri. Nilikuwa natia kijiko kila siku, ukishaenda kazini."

Milembe akauchukua mfuko. Shaba ilikuwa imeandikwa ubavuni, mstari wa nne. Wiki tatu anahangaika na vipimo, na hakuuliza mtu ndani ya nyumba yake! Machozi yakamlenga.

"Hamna shida, baba," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi leo nitie viwili, maana naona hali mbaya." Mzee akachota.

Milembe akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Shida ipo, baba. Chumvi yako ndiyo inayoyaua. Usitie kitu humu tena mpaka mimi niseme."