Waya Husikia kwa Ubavu

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi ilianza na manyunyu mepesi, yale yasiyomlowesha mtu ila huzikatalia nguo kukauka, na wingu lilikaa juu ya mabati kama mgeni asiyejua kuaga. Kinyozi alikwisha kusali na kunywa chai. Sasa alikuwa juu ya ngazi nyuma ya nyumba, akikausha kiungo cha waya wa antena kwa kitambaa anachofutia shingo za wateja.

"Baba watoto," mkewe akaita kutoka jikoni, "simu iko mezani. Ina chaji."

"Niliapa."

"Najua uliapa. Nilikuwepo."

Walikuwepo wote. Mama yake Kinyozi na kaka yake alipofariki, Kinyozi alimpigia huyo kaka simu kutwa na kucha bila kupokelewa. Kaka alikuwa baharini, mtu wa redio melini, aliyepokea na kupeleka habari za kila mtu isipokuwa hiyo moja. Basi siku ya maziko Kinyozi alisimama kando ya kaburi, udongo mkononi, akasema mbele ya waombolezaji: "Simu yangu haitamtafuta tena maisha yangu yote." Watu wakasema basi, yatosha, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Na Kinyozi si mtu wa kuchezea kiapo. Anamwogopa Mungu kuliko wembe butu.

Lakini kiapo kilitaja simu. Redio hakikuitaja.

Kaka alipostaafu alijenga kituo chake cha redio nyumbani kwake, katika nchi ya mbali, mwendo wa siku mbili kwa basi. Kinyozi akapata habari, akaenda kujiandikisha masomo ya jioni ya redio. Alikaa dawati moja na vijana aliowanyoa nywele za uchanga, akafeli mtihani, akarudi, akafeli tena, akafunga na kuomba, akafaulu. Leseni yake ilitundikwa kinyozini juu ya kioo. Mkewe aliitazama, akasema hajawahi kuona mtu akizunguka mlima ili akwepe kizingiti.

Shida ni kwamba redio ya Kinyozi ilisikia dunia nzima kasoro kaka yake. Ilimsikia mkulima wa maua, ilimsikia nahodha, ilimsikia daktari wa meno wa nchi nyingine kabisa ambaye kila Jumamosi alimwambia, "Kaka yako yuko hewani anakuita. Hapa kwangu anasikika kama yuko chumbani. Nikufikishie neno?"

"Neno hili halina tarishi," Kinyozi hujibu.

Na sasa muda ulikuwa umekwisha. Binti wa kaka alikuwa amempigia mke wa Kinyozi kumweleza kwamba baba yake anahamia kwake kesho, kwenye jengo la ghorofa ambako hawaruhusu waya wala mlingoti. Hii ilikuwa Jumamosi yake ya mwisho hewani.

Ndiyo maana Kinyozi alimwita Mwalimu, yule binti aliyewafundisha darasa la jioni. Alikuja na begi la vifaa mgongoni, akakuta mwanafunzi wake mkongwe ana orodha ya mambo aliyokwisha kufanya, nayo aliimba yote kwa kichwa: amezima jokofu, amezima chaja ya mashine ya kunyolea, ambayo kweli ilikuwa ikikoroma redioni, amebadilisha kiungo kilichoingia maji, amepandisha mlingoti mpaka mkewe anaona haya majirani wasije wakadhani ni bendera.

"Na umeomba?" Mwalimu akauliza.

"Hilo huanza nalo, Mwalimu. Mengine hufuata."

Mwalimu akaketi mbele ya redio, akazungusha kitufe taratibu. Sauti zikaja moja baada ya nyingine, safi. Akavua vipokea sauti masikioni.

"Mzee, redio yako ni nzima. Kaka yako yuko upande gani?"

Hapo Kinyozi akachangamka, kwa kuwa swali hilo alikuwa amejiandaa nalo. Akamtoa nje, akamwonyesha. Waya ulikuwa umenyooka juu ya paa kama uzi wa fundi mwashi, na ncha yake ililenga kilima cha mbali.

"Kule kule. Nilipima kwa dira, tena mara tatu. Mtu akitaka kumwita mwenzake si anamnyooshea kidole? Hata kwenye sala, unaelekea kwa unayemwomba."

Mwalimu hakucheka.

"Mzee, waya wa namna hii hausikii kwa ncha. Unasikia kwa ubavu. Kwenye ncha ndiko uziwi wake uliko. Nilifundisha hili juma lile ulilokuwa umefunga."

"Kwa hiyo nimemwelekezea..."

"Kisogo."

Kinyozi alikuwa ametazama visogo vya watu maisha yake yote. Hakuwahi kufikiri kwamba na yeye ana cha kumwonyesha mtu. Akakumbuka ule msemo kwamba kinyozi hajinyoi, akaona leo umemkaa vizuri kuliko alivyopenda.

Dawa ilikuwa moja, kuugeuza waya ukae mkingamo, ubavu wake uelekee kilima. Ncha ya kwanza ingefika kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Ya pili, Mwalimu alipoifuata kwa macho, ilivuka ukuta na kuishia kwenye mnara wa tangi la maji la jirani.

"Pale hapana," Kinyozi akasema.

"Kwa nini?"

Mkewe ndiye aliyejibu. "Aliua jogoo wake kwa maombi."

Jirani huyo, mjane waliyemwita Mama Kuku, aliwahi kuwa na jogoo ambaye hakusubiri mapambazuko. Kila Kinyozi alipofumba macho kwa sala ya alfajiri, jogoo alifungua mdomo. Siku moja Kinyozi aliomba kwa sauti, karibu na ukuta, kwamba Mungu amnyamazishe. Juma halikuisha, jogoo akafa. Tangu hapo Mama Kuku hakumsemesha. Naye Kinyozi hakuwahi kuamua moyoni kama yeye ndiye aliyemuua. Siku nyingine aliomba msamaha. Siku nyingine, Mungu amsamehe, alijisikia fahari kidogo kwa kujibiwa upesi namna ile.

Saa nne, saa ambayo kaka huita, ilikuwa inakaribia. Akapanda kwenye tofali, akachungulia.

"Jirani, hujambo."

"Sijambo. Leo unanijua?" Mama Kuku alikuwa akimwaga pumba kwenye sahani za kuku.

"Naomba kufunga kamba kwenye mnara wa tangi lako. Nataka kuongea na kaka yangu."

"Ile sala ya jogoo wangu ulitumia waya gani?"

Mke wa Kinyozi akageukia ukuta wa jikoni, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Nilikuwa naombea utulivu, jirani."

"Ukaupata. Alikufa Alhamisi." Akakung'uta mikono. "Mtu ambaye sala yake inaruka ukuta na kumpiga jogoo, anahitaji waya kumfikia ndugu wa tumbo moja?"

Kinyozi alishuka kwenye tofali, akazunguka, akapita barabarani na kubisha langoni kama watu wanavyobisha. Mama Kuku akafungua, akamtazama toka kichwani mpaka viatuni.

"Funga," akasema. "Lakini nami nitakuwepo. Na ukimaliza na kaka yako, utasema habari ya jogoo humo humo redioni. Uliomba mabaya kwa sauti, uyamalize kwa sauti."

Kinyozi akamtupia Mwalimu jicho la kuomba msaada. "Nadhani leseni hairuhusu mambo ya..."

"Inaruhusu," Mwalimu akasema, naye akapanda mnarani na kamba begani.

Saa nne ilipopita kidogo walikuwa wote wanne chumbani, Mama Kuku akiwa amekalia kiti cha kunyolea kilichoharibika. Redio ilinguruma, halafu kutoka ndani ya ule mngurumo ikatoka sauti ya mzee, tulivu, kana kwamba ilikuwa pale siku zote ikingoja watu wanyamaze.

"...mdogo wangu, kama unanisikia, hii ni mara yangu ya mwisho."

Maneno yote aliyoyatayarisha yakampotea Kinyozi. "Nakusikia, kaka," akasema.

Sauti ya kaka ikauliza: "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuelekezea ncha ya waya."

Cheko la mtu wa melini likajaa chumba. "Ulinipa kisogo, mdogo wangu. Waya wangu mimi umekupa ubavu tangu siku niliyousimamisha. Ili ukuelekee nimeupitisha juu ya choo, ingawa uwanja upo wazi upande wa pili. Watu wakiniuliza, nawaambia njia ya nyumbani inapita chooni."

"Kaka, ile siku ya mama..."

"Habari ilinifikia mama amekwisha kulala udongoni. Na kiapo chako niliambiwa. Kilisema simu yako haitanitafuta. Sawa. Lakini yangu ilikutafuta mpaka ikachoka. Kwa nini hukupokea?"

Kinyozi ndiye mtu aliyekipekua kiapo mpaka akakuta kina upenyo wa redio, akasoma miaka, akafeli, akafunga, akapanda ngazi. Kupokea hakikukataza. Mlango ulikuwa wazi siku zote, naye alikuwa akihangaika na tundu la panya. Mkewe hakumtazama, na hilo lilikuwa zito kuliko kutazamwa.

"Samahani kuingilia," sauti ya daktari wa meno ikasema kutoka mbali. "Nami nangoja jibu."

"Na mimi la jogoo," akasema Mama Kuku.

Kinyozi akavua kofia. Akasogeza kipaza sauti karibu na midomo, kama anavyofanya mtu anayeungama.

"Kaka, sikupokea kwa sababu ya kiburi, wala si kiapo. Mbele ya mke wangu, mbele ya Mwalimu, mbele yako daktari na wote mnaosikia, naahidi: simu yako ikilia, hata nikiwa na wembe shingoni mwa mteja, nitapokea. Na Ijumaa napanda basi, nije nikushike mkono. Lakini kesho, kabla ya yote, nitampelekea jirani yangu, ambaye jogoo wake nilimwombea mabaya, jogoo mzima, mwenye sauti. Naye akiwika katikati ya sala yangu, nitasema amina."