Wembe wa Matanga

Limi, mjukuu wangu, alizaliwa na kichwa kinachojaa maji. Mwaka 1981, akiwa na miezi minne, madaktari wa Dar walimwekea mpira mwembamba chini ya ngozi, wa kuyatoa maji kichwani na kuyashusha tumboni. Nyuma ya sikio palikuwa na kidude laini, kama punje ya kunde. Daktari alinishika kidole akakiweka pale.

"Bibi, kila asubuhi bonyeza. Kikirudi juu, mpira unafanya kazi. Na asipate kidonda hapa. Wadudu wakiingia, watapanda mpaka kwenye ubongo."

Nikabonyeza miezi saba. Kikawa kinarudi.

Ndipo mume wangu akafa, hapa hapa Tinde. Siku ya kumaliza matanga ukoo mzima ukakaa uani kunyolewa. Wembe mmoja, vichwa kumi na tisa.

"Limi asinyolewe," nilimwambia Bujiku, shemeji yangu, mwenye wembe.

"Mayu, mama yangu, umefika Dar mara moja tu, tayari daktari!" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Asiponyolewa, marehemu atamfuata. Unataka kuzika tena?"

Niliuogopa wembe, na marehemu nikamwogopa zaidi. Nikamshika mtoto kichwa mimi mwenyewe.

"Polepole hapo kwenye sikio, shemeji."

"Nimeanza kunyoa hujaolewa."

Limi akageuka kumtazama kuku. Likatoka tone moja la damu. Bujiku akapaka majivu.

Siku ya tano mtoto akawa moto, akatapika uji. Mstari mwekundu ulimshuka shingoni, ukifuata njia ya mpira. Nikabonyeza. Kikazama, hakikurudi.

"Mama, kimerudi?" aliniuliza Anisia, binti yangu aliyemzaa Limi. Nikamfunga mtoto mgongoni. Tulipanda lori la pamba.

Hospitalini daktari aliuliza nani alimkata.

"Mimi ndiye niliyemshika," nikasema.

Wameutoa mpira. Mwingine hauwekwi mpaka wadudu waishe, na kwa sasa maji yanavutwa kwa sindano utosini. Leo siku ya kumi na mbili tangu tufike. Kila asubuhi kidole changu kinakwenda chenyewe nyuma ya sikio lake, kinakuta ngozi tupu, ya moto. Anisia anampima kichwa kwa uzi aliofunga fundo kwenye kipimo cha siku ile ya kwanza. Jana ncha ililigusa fundo. Leo ameuvuta mara tatu, haifiki.

"Mama, vuta wewe," ameniambia.